Kidole cha Mama

Jumatatu, 3 Machi

Leo tumeanza kuchora. Kikundi kimenipa debe la rangi ya bluu, brashi mbili zilizokwisha nywele, na Mwalimu. Bora wangenipa brashi ya tatu.

Mwalimu ni mstaafu. Alifundisha jiografia mpaka kichwa kikabaki kipara, na sasa ameanzisha kikundi cha mtaa cha kupambana na mafuriko. Wazo ni lake: kwenye kila ukuta wa huku bondeni tuchore mstari pale maji yalipofika mwaka jana, ili mvua zikirudi kila mtu ajue anyanyue kitanda hadi wapi, na wabebaji wajue waanze na nyumba ipi. Anasema zamani mto ulikuwa ukifurika mara moja katika umri wa mtu. Siku hizi unakuja kila mwaka kama shemeji asiye na kazi. "Tabianchi imebadilika, jamani, na sisi tubadilike!" Akilitamka hilo neno tabianchi ananyoosha mkono juu kana kwamba bado yuko darasani.

Mimi ni mchora mabango. Nimechora simba wa duka la unga na meno ya daktari wa meno. Maji sijawahi.

Shida ni kwamba maji yalipoondoka kila mtu alisugua ukuta wake na kupaka chokaa, nani atake kuishi na alama ya tope sebuleni? Kwa hiyo Mwalimu ametunga sheria. Mwenye nyumba anaweka kidole ukutani, anasema "Hapa," nami nachora penye kidole. Hakuna kubishana. "Hatuwezi kumwambia mtu mzima kwamba anasema uongo ndani ya nyumba yake," akasema. Wanakikundi wote wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga.

Jumanne, 4 Machi

Mgongo.

Alhamisi, 6 Machi

Leo ilikuwa zamu ya Bwana Mapipa, muuza mapipa, ambaye nyumba yake imekaa juu kwenye mwinuko. Mwaka jana alilowa kandambili tu, mtaa mzima unajua. Sasa kuna uvumi kwamba msaada ukija utagawiwa kwa kimo cha mstari. Basi akapanda kwenye kigoda, akajinyoosha, akaweka kidole juu ya mlango. Juu ya mlango!

"Bwana wee," nikamwambia, "hapo si mngekufa wote?"

"Kidole ni kidole, binti. Chora."

Nikamtazama Mwalimu. Mwalimu akatazama mawingu. Nikachora.

Jumamosi, 8 Machi

Leo ilikuwa zamu ya nyumba yetu.

Nyumba ni ya mama. Sisi wawili tunakaa mbele, juu ya ngazi mbili. Nyuma, ng'ambo ya ua, kuna chumba cha kupangisha kilichokaa chini kabisa, karibu na mfereji. Mpangaji wa mwaka jana aliondoka na watoto mgongoni, nguo zinachuruzika, na hakurudi hata kuchukua masufuria. Chumba kikakaa kitupu kiangazi chote mpaka alipokuja Fundi Cherehani, kijana mpole aliyetoka mbali, pamoja na mama yake aliyepooza miguu. Mama alimwambia maji hapa yanalamba kizingiti tu. Nilikuwepo. Nilijua si kweli, lakini nikajiambia ni maneno ya biashara, kila mwenye chumba husema hivyo.

Leo Fundi alisimama mlangoni, tepu yake ya kupimia nguo inaning'inia shingoni. Mama yake alikuwa kitandani akitutazama. "Haya mama, kidole," akasema Mwalimu.

Mama akainama. Nilipomwona anainama nikajua. Akaweka kidole usawa wa goti langu. "Hapa."

Mwaka jana niliingia mwenyewe chumba kile kuokota vitu vya yule mpangaji, maji yakanifika kifuani. Brashi ikabaki hewani. Nikasema, "Mama..." Akanigeukia na lile jicho alilokuwa akinipiga nalo utotoni nikiomba kipande cha pili mbele ya wageni.

"Una nini? Mwalimu anasubiri."

Kidole hakikutikisika. Nikachora.

Fundi alifurahi mpaka akanionea huruma na kunishikia debe. "Goti tu! Afadhali, dada. Nilikuwa roho juu."

Baadaye nikamfuata mama jikoni. "Ulitaka nimwambie nini?" akasema. "Kwamba nilimdanganya? Mbele ya mama yake, mbele ya Mwalimu? Na mvua zenyewe nani kasema zitakuja hivyo tena? Wewe chora, mambo ya nyumba yangu niachie." Na mimi, ambaye mtaa mzima unanijua kwa mdomo, nikaufunga mdomo.

Jumatatu, 10 Machi

Nimechora kutwa. Mama sijamsemesha. Chai yake nimekunywa.

Alhamisi, 13 Machi

Fundi amenunua matofali na kunyanyua kitanda cha mama yake juu ya mstari, akaongeza kiganja kimoja kwa usalama. Alipima na tepu, akapima tena.

"Sasa mama anakaa ghorofani," akasema.

"Ghorofa gani isiyo na ngazi?" akajibu mama yake. "Nikitaka kushuka nifanyeje, niruke?" Kisha akaniona. "Na wewe mpaka rangi, unanitazama hivyo kwa nini, nimeoza?"

Mtaani wanamwita Bi Mkubwa. Ana ulimi mkali kuliko wangu, na mimi nampenda kwa hilo. Kutwa nzima anagombana na redio yake. Mtangazaji akisema hali ya hewa ni nzuri, anamjibu, "Toa kichwa dirishani, mjinga wewe."

Jumatatu, 17 Machi

Mstari umekamilika. Nimepanda juu shuleni pamoja na Mwalimu kuutazama. Kwa Bwana Mapipa umepaa, kwa jirani zake umepaa vilevile maana hakuna aliyetaka kuachwa nyuma, kisha kwa wenye vyumba vya kupangisha unaporomoka, na kwetu ndio karibu unagusa ardhi.

"Mwalimu," nikasema, "maji gani haya yanayopanda na kushuka? Maji hulala sawa hata kwenye beseni."

Akavua miwani, akaipangusa na shati. "Kila mmoja amesema anavyokumbuka."

"Wanasema uongo."

"Nikianza kuwahoji, kesho mkutanoni nitakuwa na viti vitupu. Nusu mkate ni afadhali, mwanangu. Tuna kengele, tuna wabebaji, tuna mstari. Mwaka jana tulikuwa na nini?"

Nikamwona mwoga. Nilirudi nyumbani namsonya njia nzima, na nilipopita uani nikageuza uso nisiutazame ukuta wa nyuma.

Ijumaa, 21 Machi

Wageni wamekuja na kamera, watu wa shirika moja linalosaidia sanaa za jamii. Wamepagawa. Wanauita "wimbi la matumaini". Eti mtaa maskini umegeuza msiba wake kuwa wimbi. Walinisimamisha nyuma kwetu, pale mstari unapozama, kwa sababu hapo ndipo panagusa moyo. Mmoja akaniuliza wazo la wimbi nililitoa wapi.

"Kwa wananchi," nikasema. Mwalimu akapaliwa na mate.

Wametupa cheti. Mama amekitundika sebuleni na kukaa mbele yake kama anatazama picha ya harusi.

Jumapili, 23 Machi

Nilimpelekea Bi Mkubwa betri za redio. Fundi hakuwepo.

"Mpaka rangi, kaa." Nikakaa. "Huo mstari ni wa kweli?"

"Ni kidole cha mama."

"Sikukuuliza ni cha nani."

Nikatazama sakafu. Akanionyesha pembeni ya kabati, mahali chokaa imebambuka. Chini ya chokaa kuna tope lililokauka, na limepanda mpaka karibu na dirisha. "Mimi kazi yangu ni kutazama ukuta," akasema. "Nimelisoma hilo siku nyingi. Mama yako simlaumu sana, chumba kitupu kinauma. Lakini mwanangu nimemwambia aninyanyue zaidi, ananiambia mama unaogopa bure, mstari umeshuhudiwa na kikundi kizima. Tope anasema ni la fundi wa kuta, alipaka vibaya. Wewe ndiye mchoraji. Wewe atakusikia."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Kesho."

"Haya," akasema, na akawasha redio.

Jumatatu, 24 Machi

Nilimkuta Fundi anapindua pindo la gauni, sindano mdomoni. Nilikuwa nimeshajipanga maneno. Lakini mama alikuwa uani, anaanua nguo polepole kuliko kawaida yake, na masikio yake nayajua.

"Fundi, kitanda cha Bi Mkubwa kinyanyue zaidi."

Akatoa sindano. "Kwa nini, dada?"

"Panya."

Limetoka lenyewe, Mungu ananiona. "Mwaka huu ni wengi," nikaongeza. "Wanapanda vitandani."

Akacheka. "Sasa panya anayepanda, nikinyanyua si ndio nimempa mazoezi?"

Na mimi nikacheka. Nikacheka!

Jumatano, 26 Machi

Fundi amenunua mtego wa panya. Amekuja kunionyesha na kunishukuru.

Jumapili, 30 Machi

Leo Bi Mkubwa hakuniita mpaka rangi. Nilimpa maji, akasema, "Asante, dada," kwa adabu zote, akageukia ukutani. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Mama amefunika cheti na nailoni.

Jumapili, 6 Aprili

Tumefanya zoezi. Shuleni kumetundikwa kipande cha reli, Mwalimu anakigonga, wabebaji wanatoka mbio kuchukua wazee, wagonjwa na watoto. Zamu inafuata mstari: nyumba zenye mstari wa juu kwanza, za chini mwisho. Fundi ndiye mwenye mgongo mzuri kuliko wote. Alimbeba Mwalimu mwenyewe mpaka darasani, watu wakashangilia, watoto wakadai na wao wabebwe. Kwa mara ya kwanza mwaka huu niliona watu wa mtaa huu wanacheka pamoja bila kumcheka mtu, na nikapata kitu kama tumaini kweli, siyo lile la wageni.

Kisha Mwalimu akataja nyumba ya mwisho kabisa kwenye zamu. Yetu, chumba cha nyuma.

Nitamwambia kesho. Naandika hapa ili nione haya nikisoma: nitamwambia kesho.

Jumatatu, 7 Aprili

Fundi alikuwa sokoni kutwa.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Magoti ya mama yamevimba. Fundi alikuwepo. Sikumwambia.

Jumamosi, 12 Aprili

Ilikuwa Jumatano asubuhi, watu wanakunywa chai. Reli ikalia, na safari hii Mwalimu aligonga bila mpangilio, tukajua si zoezi.

Maji yalikuwa ya vifundoni uani. Mama hawezi kutembea na yale magoti, nikambeba. Haikuwa zamu yake. Nyumba ya mbele nayo ina mstari wa chini, na mimi ni mbebaji, nilitakiwa kukimbilia juu kwanza. Nilimwahi mama yangu, basi. Tulipopita mlango wa nyuma tukasikia redio ya Bi Mkubwa. Mama akanibana shingo.

"Na huyu je?"

"Zamu yake ya mwisho," nikamjibu. "Si ulionyesha mwenyewe kwa kidole?"

Ndivyo nilivyomjibu. Nilitaka limchome, na lilimchoma, nikalisikia mgongoni mwangu linavyomchoma. "Rudi umtoe," akasema. "Nikuweke kwanza," nikasema.

Shuleni Mwalimu alinikabidhi watoto wa jirani, nikaenda kuleta wengine, nikarudi tena. Watu walikuwa wanapanda kwa mpangilio, hakuna kukanyagana, kila mmoja anajua aende wapi. Mwaka jana ilikuwa makelele na vilio. Nilijivunia. Kisha nikamwona Fundi.

Alikuwa anapanda mwinuko na Bwana Mapipa mgongoni. Kabla yake alishambeba mama mkwe wa Bwana Mapipa, na shemeji yake mnene, na maji yalikuwa hayajafika hata ngazi yao ya kwanza. Bwana Mapipa ameshika viatu mkononi, vikavu kabisa, na anamwambia Fundi arudie televisheni. Na Fundi, kijana wa watu, anasema, "Haya, mzee, zamu bado ni yenu."

Nilipiga kelele. "Fundi! Mstari ni wa uongo! Nyuma kwetu yanafika dirishani!"

Hakunielewa. Alitabasamu kidogo, alidhani ni utani wangu. Nikarudia. Safari ya pili akamwachia Bwana Mapipa chini kama gunia na kukimbia.

Tulipofika uani maji yalikuwa kifuani mwangu. Mlango ulikuwa umebanwa na maji, Fundi akauvunja kwa bega. Matofali yalikuwa yameteleza, kitanda kimepinduka. Redio ilikuwa imenyamaza. Tulimkuta Bi Mkubwa dirishani, amezishika nondo kwa mikono miwili. Sijui alijivuta vipi mpaka pale kwa mikono mitupu. Alikuwa ameshakufa. Mikono yake ilikuwa bado imeshika kwa nguvu, ikabidi Fundi amfungue vidole kimoja kimoja, huku anamwambia, "Achia mama, nimekuja. Nimekuja, achia."

Jana tumemzika.

Mtaa mzima ni yeye peke yake aliyekufa. Watu wanasema kikundi kimefanya kazi kubwa. Wanasema kweli, na nikiwasikia nageuza njia.

Jumapili, 13 Aprili

Maji yameshuka. Nimeingia kusafisha chumba cha nyuma. Mtego wa panya uko juu ya kabati, umenasa panya.

Jumanne, 15 Aprili

Fundi anakaa kwenye benchi la uani kutwa. Mama anampelekea chakula, anaweka, anaondoka haraka. Anakula. Anasema asante. Hajui.

Jumatano, 16 Aprili

Mkutano wa kikundi. Mwalimu alifungua kwa pole, kisha akasema ilikuwa ajali, maji hayana adabu. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mama alikaa mbele na mtandio mweusi, amejikausha.

Nikasimama. Sikuwa nimepanga, miguu ilisimama tu.

"Haikuwa ajali," nikasema. "Mama alionyesha gotini akijua ni kifuani. Mimi nikachora nikijua ni kifuani. Bi Mkubwa aliniomba nimwambie Fundi, nikamwambia habari za panya."

Fundi alinitazama. Tangu azike, ni mara ya kwanza namwona anamtazama mtu.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Nilikushukuru. Kwa ule mtego."

"Ndiyo."

Bwana Mapipa akaruka. "Aibu gani hii! Mtoto kumsema mama yake mzazi hadharani! Dunia imeisha!"

Fundi akamgeukia taratibu. "Wewe viatu vyako vilikuwa vikavu," akasema, basi. Bwana Mapipa akakaa chini.

Ndipo Mwalimu akasimama tena. Akaficha mikono mifukoni. "Binti huyu aliniambia mapema kwamba maji hayapandi na kushuka. Nilijua ni kweli, hilo hata mtoto wa darasa la kwanza anajua. Nikaona bora nisigombane na watu. Sheria ya kidole niliitunga mimi. Kama mnatafuta wa kulaumu, msinipite." Nilikuwa nimezoea kumwona mzee wa maneno matupu. Leo nimemwona mtu mzima anajivua nguo mbele ya watu wote, na hakuna aliyemlazimisha.

Fundi akatoka. Alipofika mlangoni akasema bila kugeuka, "Tope bado liko ukutani. Lisisuguliwe."

Nyumbani mama alinisubiri ngazini. "Umeniuza," akasema. "Mimi niliyekuzaa, umeniuza mbele ya watu." Nikamwambia nimejiuza na mimi pia, tumeuzwa kifurushi kimoja. Akainua mkono kunipiga, kisha akaushusha na kuutazama kile kidole, akakifunika na mkono mwingine.

Alhamisi, 17 Aprili

Mama ameburuta godoro lake mwenyewe, na magoti yale, mpaka chumba cha nyuma. Nilitaka kumsaidia, akanifukuza. Akamwambia Fundi, "Wewe utalala mbele." Fundi amelala benchini.

Jumamosi, 19 Aprili

Tunachora upya. Hakuna kidole cha mtu. Maji yameacha alama yao wenyewe, mimi nafuata tope tu. Ni mstari mbaya kuutazama. Umenyooka toka mwanzo wa mtaa mpaka mwisho, kwingine unapita gotini, kwingine unakata picha za harusi na miimo ya milango. Fundi ananishikia debe. Hanisemeshi. Nikichovya, anasogeza. Nikihama, anahama.

Kwa Bwana Mapipa tope limeishia kwenye ngazi ya kwanza, nje.

"Hapo hapana ukuta," akalalamika.

"Ndiyo maana tunachora ngazi," nikamwambia. Nikageuka nione kama Fundi amecheka. Hakucheka.

Jumatatu, 21 Aprili

Tumefika chumba cha nyuma. Mstari unapita kifuani mwangu, chini kidogo ya dirisha. Mkono ulikataa. Nilisimama na brashi mpaka rangi ikanitiririka kiwikoni. Fundi akaweka debe chini, nikadhani sasa ananipiga, na nilikuwa radhi. Akanishika kifundo cha mkono, akaubandika ukutani kwenye tope, akauburuta toka kona mpaka kona, taratibu, mstari ukachoreka. Kisha akachukua debe na kwenda nyumba inayofuata. Mama alikuwa amekaa kitandani, ameona yote.

Jumanne, 22 Aprili

Fundi amelala mbele.

Jumamosi, 26 Aprili

Wageni wenye kamera wamerudi. "Lile wimbi limekwenda wapi?"

"Lilikuwa uongo," akasema Mwalimu. "Limetuulia mtu."

Walisikitika, walisikitika sana. Kisha mmoja akauliza kwa upole kama tungeweza kubakiza kipande kidogo cha wimbi, hata ukutani shuleni, maana huu mstari wa sasa hausemi kitu. Nilitaka kumwagia debe. Mwalimu akanizuia, akamwambia tunahitaji machela za kubebea wagonjwa. Wakasema wataangalia.

Cheti hakipo tena sebuleni. Sijauliza.

Jumatano, 30 Aprili

Kitanda cha mama kimenyanyuliwa. Siyo matofali ya kuteleza, ni magogo yamepigiliwa misumari, na kitanda kimepita juu ya mstari kabisa. Nilidhani ni mama ameita fundi seremala. Mama alidhani ni mimi. Uani kuna unga wa mbao, na Fundi ana plasta kidoleni.

Jumapili, 4 Mei

Mvua tangu jana. Walio mstari wa juu wamelala wamevaa viatu. Bwana Mapipa ametoa mapipa yake matupu, amesema wenye watoto waweke nguo kavu humo. Ameyatoa kwa kununa, lakini ametoa.

Alhamisi, 8 Mei

Yamekuja juzi Jumanne, mchana.

Reli ikalia mara tatu, tukatoka. Zamu sasa inafuata mstari mpya, na nyumba ya kwanza mtaa mzima, ya kwanza kabisa, ni chumba chetu cha nyuma. Mimi nilipangiwa upande wa mfereji. Zamu ya kwanza ni ya mwenye mgongo mzuri, na huyo kila mtu anamjua.

Nilifika mlangoni kwa mama kabla sijaelekea zamu yangu. Maji yalikuwa hayajagusa hata kizingiti. Fundi alikuwa ameshapiga magoti mbele ya kitanda, amempa mama mgongo. Mama hakupanda.

"Mimi wa mwisho," mama akasema. "Niache mimi wa mwisho, mwanangu. Tafadhali."

"Mstari ndio unaosema, mama. Panda."

"Mimi niliku..."

"Panda. Watu wanasubiri."

Akapanda. Nikawaona wanapandisha mwinuko, mama ameficha uso kwenye shingo ya kijana wa watu, analia kwa sauti bila kujali nani anamwona, mama yangu ambaye hakulia hata mazikoni kwa baba. Fundi hakumbembeleza wala hakumkemea. Alitazama anapokanyaga tu.

Ndani ya darasa kuna benchi pembeni ya dirisha, tumeliwekea wasiojiweza kukaa chini. Nililetea pale watoto wangu wa kwanza nikawakuta. Fundi aligeuka, akajishusha taratibu, akamkalisha mama na kumweka mgongo ukutani asianguke. Mama akamshika mkono, akamng'ang'ania.

Fundi akamfungua vidole kimoja kimoja.

"Hapa," akasema, akarudi majini kumfuata mwingine.

Maji yalifika chini ya mstari kwa kiganja. Hakufa mtu.